Kiti cha Nyuma cha Chura

Wardoyo aliinua kiti cha nyuma cha gari la marehemu baba yake, akaiona sakafu ya banda. Pale palipopaswa kuwa na bati palikuwa na tundu, na betri imelalia ubavu ukingoni mwake, imeota ungaunga mweupe. Uchachu ukampanda puani. Alibaki amekishikilia kiti kile, kama mtu aliyefunua kawa akakuta sahani tupu.

Gari lenyewe lilikuwa folksi ya zamani, ile ambayo Java nzima huiita Chura. Mzee alilitumia kupeleka tempe, ile mikate ya soya iliyochachushwa, sokoni Klaten maisha yake yote. Alipofariki, Wardoyo akaligeuza turathi. Kila mwaka, unapoandama mwezi wa Mfunguo Nne na watu wakatoa majambia ya mababu kuyaosha kwa ndimu na maji ya maua, yeye aliliosha na gari, kwa maua yale yale ya waridi na asmini. Kisha alilifunika shuka jeupe, akafunga banda hadi mwaka mwingine. Majirani walimsifu kwa kumheshimu baba, na sifa humlevya hata asiyekunywa. Lakini jambia halina betri, na hilo Wardoyo hakulifikiria hata siku moja.

Mama yake, Bi Sutinah, hakuomba mengi. Kila Shaaban, watu wanapokwenda kusafisha makaburi, alimwambia, "Mwanangu, nipeleke kwa baba yako na Chura. Nataka kukaa kwenye kiti changu."

"Turathi haipandwi, Mama. Nitakukodia gari lenye kiyoyozi."

Mwaka mmoja alimwambia banda linanuka achari iliyooza. Wardoyo akajibu kuwa ni maua ya zamani, akafunga mlango.

Safari hii mama alikuwa ametoka kuumwa, akitembea kwa kushika kuta. Wardoyo aliona haya, akaahidi kumpeleka na Chura. Ndiyo maana alikuwa ameinua kiti, abadilishe betri tu, waende zao.

Akamwita Gunarso, fundi bodi waliyekua naye. Gunarso alichungulia, akajikuna kidevu.

"Nani alikuwa akilitunza?"

"Mimi."

"Basi ningekuwa gari, ningeomba nitunzwe na adui yako."

"Kila mwaka nimeliosha, kaka. Kwa maua."

"Umeliosha uso. Tumbo je?"

Walifanya kazi pamoja. Gunarso alivaa glavu za mpira, akaitoa betri, kisha akamwaga maji ya magadi juu ya ule unga. Povu likachemka kwa mlio. Akamwaga tena na tena mpaka povu likakoma, maana asidi ikiachwa hai chini ya rangi itaendelea kula. Wakasuuza, wakakausha. Wardoyo alishika brashi ya waya akasugua mwenyewe, na kila aliposugua, kipande kingine kilichodhaniwa kizima kilimomonyoka. Wakakata mpaka wakafikia bati gumu.

"Hapa ndipo alipokuwa akikaa mama," Wardoyo alisema. "Nyuma ya baba. Mbele palikuwa pa makapu."

"Kwa hiyo tempe ndiyo iliyokuwa bi mkubwa."

Wardoyo hakucheka. "Lingeharibika vilevile, au siyo? Gari la zamani."

Gunarso alizima mashine ya kuchomelea. Alikuwa mtu wa mzaha, lakini si mwongo. "Ungekuwa unaliendesha, ungeiangalia betri, kaka. Hata kwa mara moja moja. Ungeiona ikianza kuvuja, ukaifuta na kitambaa, basi."

Akachomelea bati jipya, akalipaka rangi ya kuzuia kutu tabaka juu ya tabaka, akaweka sinia la plastiki chini ya betri mpya na kuifunga mkanda. "Ukitaka kulilaza tena, toa betri nje. Turathi au si turathi."

Siku ya makaburi Wardoyo alilileta gari mpaka kizingitini. Bi Sutinah alikuwa amevaa batiki yake nzuri, kikapu cha maua mkononi. Chura lina milango miwili tu. Wa kukaa nyuma hulaza kiti cha mbele, akainama na kupenya. Mama aliinama, akaingiza mguu mmoja, goti likagoma. Akajaribu tena. Wardoyo akataka kumbeba, naye akamsukuma mkono.

"Mwaka juzi ningepenya bado," alisema, akainuka taratibu. "Haya, niweke mbele. Leo kapu ni mimi."

Alisema bila kulaumu, na hilo lilimchoma Wardoyo kuliko lawama. Alimkalisha, akaweka maua nyuma, wakaondoka. Barabara ya makaburini ina mashimo, lakini bati jipya halikutoa hata mlio.

"Fundi amefanya kazi nzuri," mama alisema.

"Nisamehe, Mama. Tutakwenda tena. Nitatafuta namna ya kukuweka nyuma."

Bi Sutinah alijaribu kugeuka akitazame kiti chake, shingo ikakataa. Akatazama mbele.

"Una kisogo cha baba yako, unajua? Kile kile. Nilitaka nikae pale nikitazame mpaka tufike." Akaikunja mikono juu ya batiki. "Huku mbele nakuona wewe tu."