Pindo la Kimya

Kabla ya kupasuliwa shingo, watu wa stesheni walimwita Sauti, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Yeye ndiye aliyetangaza treni zinazoingia na zinazotoka, na wapo wasafiri walioapa kwamba akisema yeye kuwa treni imechelewa, hata hasira haiji. Uvimbe wa shingoni ulitolewa salama. Lakini mshipa mmoja mdogo uliguswa, na Sauti akaamka na mnong'ono mwembamba, kama upepo unaopita chini ya mlango.

Hakufukuzwa kazi. Alihamishiwa chumba cha vitu vilivyosahaulika, nyuma ya jukwaa la mwisho, akae na miavuli, mabegi na viatu vya watoto vya mguu mmoja mmoja. Jambo moja tu wakubwa hawakulifikiria: matangazo yake ya zamani yalikuwa yamerekodiwa, na yaliendelea kutumika. Basi kutwa nzima alikaa kati ya rafu akijisikia mwenyewe kwenye spika, mchangamfu, akiwatakia wengine safari njema.

Waliokuja kudai vitu vyao ama walinong'ona kama yeye, kana kwamba chumbani mna mgonjwa, ama walimpigia kelele kana kwamba ni kiziwi. Wenzake wa zamani walipita kumjulia hali mwanzoni, lakini mazungumzo ya upande mmoja huchosha. Wakapungua, wakabaki wa kupunga mkono kwa mbali. Nyumbani alikula peke yake, akaosha sahani yake moja, akalala.

Aliyemtoa humo ni muuguzi wa kiume aliyekaa ghorofa ya chini yake.

"Dada, Jumamosi alasiri tuna mchezo wetu nyuma ya duka la dawa. Tunakaa mezani, kila mtu na mtu wake wa kubuni, tunasafiri katika nchi isiyokuwepo. Tumekosa mchawi."

"Mchawi?" Sauti alinong'ona. "Mtu mzima mimi, nikaloge?"

"Wa kwenye hadithi, dada. Hamdhuru mtu."

"Huo ni mchezo wa kuongea. Mimi na kuongea tumeachana."

"Basi ukiongea, sisi tutanyamaza."

Akaenda, kwa kuwa Jumamosi zake zilikuwa ndefu. Mkuu wa meza alikuwa mfamasia mwenyewe, mama mwenye miwani ya kamba. Ndiye aliyesimulia nchi ile na hatari zake, na palipokuwa na shaka, dadu ndiyo iliyoamua. Mchezaji mwingine alikuwa kinyozi wa jirani, mwenye mdomo usio na breki, na mtu wake alikuwa shujaa wa upanga. Muuguzi alicheza mpelelezi.

"Uchawi wako uko katika maneno," mfamasia alimweleza. "Neno la moto, neno la kuponya, neno la kuvuta. Kila neno lina umbo lake, lakini wewe umejaliwa kulipinda. Kuna pindo la pacha: neno moja likawafikia wawili. Kuna pindo la urefu, la kufika mbali. Pindo la huruma, moto ukawaruka wenzako. Na pindo la kimya, la kulitoa neno bila kulitamka. Kwa sasa chagua mawili." Akamsogezea kisosi chenye vifungo vya shati. "Kila pindo lina bei yake, unalilipia kwa hivi. Vikiisha, hakuna tena mpaka mlale."

"La kimya halina mjadala," kinyozi alidakia. "Hilo limeshonwa kwa kipimo chake."

Alisema kwa nia njema. Hata hivyo meza ilipoa ghafla, muuguzi akawa anachunguza kucha zake.

"Hilo sitaki," Sauti alisema. Akachukua la pacha na la urefu. Mchawi wake, alinong'ona, ana sauti ya kutikisa milima.

Siku ya kwanza aliwachoma panya wawili kwa mpigo, akafurahi, akachoma wengine wawili. Jitu lilipotokea, kisosi kilikuwa kitupu.

"Panya tumewapiga kwa mizinga," kinyozi alisema, "sasa jitu tulipige kofi."

Walicheka mpaka machozi, naye akacheka nao, ingawa cheko lake lilikuwa pumzi tu. Mfamasia alimwambia neno moja alilokwenda nalo nyumbani: "Usipinde kwa sababu unaweza. Pinda pale ambapo neno lisipopindwa halifiki."

Akaanza kulifikiria hilo kazini, katikati ya miavuli. Akagundua kuwa pacha ya moto ni fahari tu, maana adui mmoja aliyekufa ni bora kuliko wawili waliojeruhiwa. Pacha ya kuponya, hiyo ndiyo mali: wenzako wawili wanasimama kwa neno moja. Pindo la urefu alilitunza kwa ajili ya muuguzi, ambaye mpelelezi wake alipenda kujipenyeza mbali na kuumizwa huko huko. Kisosi chake kikawa hakiishi kabla ya hatari kwisha. Siku hizo Jumatatu mpaka Ijumaa zilikuwa na mwelekeo.

Kisha wakafika kwenye kisima.

"Mnateremka," mfamasia alisimulia, "na sauti zote zinakatika. Hata nyayo zenu hamzisikii."

Kutoka majini kitu kilimkamata shujaa wa kinyozi. Sauti alitaja neno la kuvuta. Mfamasia akatikisa kichwa polepole.

"Halitoki. Humu hakuna kinachotamkika."

Akajaribu la moto, akajaribu la kuponya. Yote yalikuwa maneno ya kutamkwa. Shujaa akazama, akalala chini ya maji kama jiwe, hajafa ila hajiwezi, na wengine wakakimbia. Hakuna aliyemlaumu. Muuguzi tu alisema, zaidi kwa nafsi yake, "Lile la kimya lingefaa," kisha akajuta.

Jumamosi iliyofuata Sauti hakwenda, wala iliyofuata hiyo. Muuguzi aligonga mlango, naye akakaa kitandani bila kupumua mpaka hatua zikashuka ngazi.

Kinyozi hakugonga. Aliingia chumba cha vitu vilivyosahaulika mchana kweupe, na koti lake la kazi likiwa na nywele za watu.

"Mimi ndiye niliyezama, halafu umenuna wewe?"

Sauti akanong'ona, na kinyozi akalazimika kuinama juu ya kaunta ili amsikie. "Nilitaka mahali pamoja tu nisiwe bubu."

Hapo juu ya vichwa vyao spika ikatangaza treni ya saa nane. Kinyozi akaitazama spika, akamtazama mwanamke.

"Ni wewe huyo?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Wanakufanyia hivi kila siku?"

Kinyozi akavuta kiti, akaketi, mpaka treni ile ikaja na kuondoka. Alipoinuka alisema tu, "Mfamasia anasema mchezoni mmepanda ngazi. Una haki ya kuongeza pindo moja. Chukua ulipendalo. Mimi hata nikizeeka mle kisimani, poa tu."

Sauti alichukua la kimya. Hakuambiwa na mtu.

Waliporudi kisimani, mfamasia aliweka sharti: aliye ndani ya kisima, hata mezani asiseme. Kinyozi alijikamata mdomo kwa mikono miwili. Muuguzi alipunga, akachora duara hewani, akagonga meza, akakata tamaa. Kumbe alikuwa anasema kwamba kile kitu kimemshika mguu yeye pia. Sauti peke yake ndiye aliyeelewa, kwa kuwa ndiyo lugha yake ya kila siku.

Kisosini vilibaki vifungo vitatu. Angeweza kukichoma kitu kile kwa moto wa kimya, lakini wenzake wangebaki majini. Akasogeza kifungo kimoja: kimya. Akasogeza viwili: pacha. Kisha akanyoosha mikono miwili, akaivuta kifuani. Neno la kuvuta.

Dadu ilizunguka mezani bila mtu kupumua. Ikatosha.

"Mko juu, nyote," mfamasia alisema, na kelele zikalipuka. Kinyozi alikuwa amesimama, muuguzi anasimulia jinsi alivyokaribia kulia kwa kushindwa kusema neno dogo kama "mguu", wote kwa pamoja, wakikatizana. Sauti alikuwa na jambo la kusema. Alianza mara kadhaa. Halikupenya. Akaviokota vifungo, akavirudisha kisosini kimoja kimoja, huku akitabasamu, na tabasamu likaisha lenyewe.

Kinyozi alikimbilia wateja wake, muuguzi akaenda zamu. Sauti alibaki akimsaidia mfamasia kuosha vikombe.

"Jumamosi ijayo hakuna mchezo," mfamasia alisema. "Nakwenda kumwona mama, hali yake si nzuri. Labda na inayofuata."

Sauti alimshika mkono kidogo, kwa pole.

Alirudi nyumbani kwa njia ya mzunguko, jua bado lipo, watu wakipita wawili wawili. Kwa muuguzi kulikuwa kumefungwa. Alipanda kwake, akapika, akaketi mezani na sahani yake, akawa anatafakari pindo la huruma, kama litamfaa huko mbele au la.