Mikono ya Kumsuka Wifi

Asubuhi ya harusi ya wifi yake, msusi aliamka kabla ya watu wote, akaisogeza mikono yake dirishani na kuikagua. Alikunja vidole, akavikunjua. Havikuuma. Moyo ukamwenda mbio kwa furaha.

Si zamani mikono hiyo ilikuwa imevimba, ikiwasha na kuchanika hata kushika kitana kukawa adhabu. Aliilaumu rangi ya nywele, akavaa glavu, lakini wapi. Siku tone la damu yake lilipodondokea kitambaa cheupe cha mteja, mwenye saluni alimnyang'anya kitana, akampa ufagio. Wifi yake, hodari wa utani, akaapa kwamba afadhali aolewe nywele zikiwa timtim kuliko kusukwa na mwingine. Msusi alicheka, ila usingizi ukamhama.

Ndipo akaenda kwa daktari wa ngozi. Daktari alimsikiliza akizilaani dawa za saluni, kisha akauliza, "Na ukifika nyumbani, mama, mikono hii unaifanyia nini?"

Akaeleza kwa fahari. Kila jioni, kabla ya kumbeba mwanawe mchanga, aliisugua kwa maji ya moto, sabuni ya unga na dawa ya kutoa madoa, rangi isije ikamgusa mtoto. Baadaye alifua.

Daktari alimweleza taratibu kwamba kazi iliichokoza ngozi, lakini usafi ule uliinyima nafasi ya kupona. Anawe kwa maji vuguvugu na sabuni laini, ajikaushe, apake mafuta mazito. Glavu azivae mikono ikiwa mikavu. Doa linalobaki baada ya kunawa halimhamii mtoto.

Jioni ile alimbeba mwanawe roho mkononi, vidole vikiwa na kivuli cha rangi. Alimkagua mashavu, shingo, nguo. Safi kabisa.

Sasa wifi alikaa kitini, akaishika ile mikono na kuigeuzageuza.

"Makubwa haya, wifi. Laini hivi, au kaka yangu ndiye anayefua siku hizi?"

"Anafua, na vyombo anaosha. Inamisha kichwa, bwana harusi hangoji."

Kitana kikapita, mstari ukanyooka. Vidole vilikimbia kama vilivyokuwa vikikimbia zamani, msuko ukifuata msuko, nyumba nzima ikichungulia mlangoni. Mwisho alilibana shela kwa pini, akaliachia taratibu, akalitazama kila upande.

Lilikuwa jeupe pepepe.