Zamu ya Mama

Ukitaka kujua jinsi mtu anavyoweza kupendwa hadi akachoka, muulize mwanafunzi wa kidato cha nne katika kijiji chetu, karibu na Kebirigo. Tangu Januari nimepoteza jina. Siitwi tena Nyakerario, naitwa kandideti, yaani mtahiniwa wa mwaka huu. Nikionekana na ndoo ya maji, jirani ananipokonya, kisha anamgombeza mama yangu kwa sauti inayofika barabarani, eti anamchotesha kandideti maji. Kanisani mchungaji akiombea wagonjwa na wasafiri, sisi anatutia hapo katikati yao. Mjomba wangu wa Kiogoro ameshaamua nitakuwa nesi, na shangazi ameamua nitakuwa mwalimu. Mimi sijaamua lolote, maana natoka nyumbani kukiwa na giza ili niwahi kipindi cha alfajiri, na nikirudi jioni sina akili ya kuamua hata niketi wapi.

Kinara wa mambo haya ni mama yangu mwenyewe, Esnah. Tangu mwaka uanze hajaniruhusu kushika jembe, ufagio wala sufuria. Nikinyoosha mkono nichukue sahani niioshe, naona nimewekewa kitabu kwenye mkono huohuo. Wakati wa likizo niliponyoka nikaenda kumsaidia kuchuma majani chai, akanifukuza shambani mbele ya watu kama kuku aliyeingia jikoni. Aliniambia kazi yangu ni moja tu mwaka huu, na haimo kwenye michai.

Taabu ni kwamba hiyo kazi yangu moja ilikuwa na jembe ndani yake. Somo la Kilimo lina mradi. Kila mtahiniwa hupewa kishamba chake, akalima mwenyewe, akapanda mwenyewe, na mwalimu hupita akimpa alama kwa kila hatua. Mwaka huu tulipanda vitunguu. Sasa mimi na Hisabati hatusalimiani, na Fizikia tuliachana kidato cha pili bila ugomvi. Kilimo ndilo somo lililobaki la kunivuta hadi chuoni. Kama ningeuharibu ule mradi, unesi wa mjomba na ualimu wa shangazi vyote vingekwenda na maji, na mama angebaki na msichana aliyelindwa dhidi ya sahani mwaka mzima bila faida.

Mwalimu wetu wa Kilimo anaitwa Thadeus. Ni mtu mwembamba, mwenye buti za mpira na maneno machache. Siku ya kwanza alituonya kwamba mkono wa mtu mwingine ukiingia kwenye kishamba chako, hataweka sahihi yake, hata mkono huo ukiwa wa malaika.

Vishamba vyetu viko kando ya ua wa waya, na nje ya ua kuna kijia wanachopita wanawake wakipeleka majani chai kwenye kituo cha kuyauzia. Basi kila siku vitunguu vyetu vilikuwa na wakaguzi. Wanasimama na vikapu mgongoni, wanatoa hukumu, wanaendelea na safari. Mama ndiye aliyekuwa akisimama muda mrefu kuliko wote. Mvua ya mwezi wa tano ilipokolea, tulikuwa kwenye mitihani ya majaribio, na hakuna aliyekanyaga shambani. Magugu yakapanda hadi vitunguu vikawa havionekani. Mwalimu Thadeus hakushtuka. Alitangaza kwamba Jumatatu alasiri tutapalilia naye akiwepo, atoe alama za hatua hiyo. Mama hakujua hilo. Alichokijua ni kwamba shamba la kandideti wake limemezwa.

Huku kwetu wanawake hulima kwa egesangio. Ni kikundi cha majirani: leo wote wako kwa huyu, siku nyingine wote wako kwa yule, hadi mzunguko uishe. Hakuna anayelipwa, jasho hulipwa kwa jasho. Ndiyo maana zamu yako ni kitu cha thamani. Shamba ambalo ungelipalilia peke yako hadi mgongo ugome, linamalizwa asubuhi moja kwa porojo na vicheko. Jumapili ile ilikuwa zamu ya mama. Wimbi wetu, ule ulezi wa uji, nao ulikuwa umezidiwa na magugu, na wenzake walikuja na majembe wakijua wanaenda kwenye wimbi. Mama akawapeleka shuleni.

Mlinzi wa shule, Mzee Mokua, aliwafungulia geti. Baadaye alijitetea kwamba mkewe ndiye aliyekuwa mbele na jembe begani, na kwamba mtu hawezi kumfungia mke wake nje kisha akatarajia chakula cha jioni. Mimi wakati huo nilikuwa nyumbani, nimefungiwa na Hisabati.

Jumatatu asubuhi tulikuta shamba safi kuliko sakafu ya darasa. Na si kishamba changu tu, vyote. Wanawake wa egesangio hawawezi kupalilia kipande kimoja wakaacha cha jirani na majani, wangeona aibu. Darasa lilifurahi ajabu. Aliyefurahi zaidi ni Lewis, kijana wa Kisii mjini ambaye baba yake, mtu wa ofisini, alimleta akae kwa shangazi yake huku ili asome mbali na starehe. Lewis huliogopa jembe kama nyoka.

"Manze, Mungu yuko," alisema. "Nilikuwa naomba hii kitu ifanyike bila mimi."

Kisha nikainama nikaangalia vizuri, na furaha ikaniishia. Kila kitunguu kilikuwa kimepandishiwa udongo hadi shingoni, kama mahindi. Mahindi hupenda hivyo. Kitunguu hutaka kichwa chake kiwe juu ya udongo kipate jua, ukikifukia kinadumaa au kinaoza. Wanawake wetu wanajua chai, ndizi na wimbi, lakini kitunguu wao hukutana nacho sokoni Kebirigo. Na pale kwenye waya wa ua palining'inia kitambaa cha kichwa chenye maua ya manjano. Nimekifua kitambaa hicho tangu shule ya msingi. Nikakikunja haraka nikakitia mfukoni.

Alasiri Mwalimu Thadeus alifika, akatembea kutoka mwanzo hadi mwisho wa vishamba bila kusema neno. Halafu akauliza ni nani aliyepalilia. Lewis akajibu kwamba ni sisi wenyewe, tena kwa sauti ya mtu aliyechoka kwa kazi. Mwalimu akamwomba amwonyeshe ukurasa wa daftari ambapo aliandikishwa kwamba kitunguu huzikwa. Lewis akatazama buti za mwalimu. Basi tukaambiwa kwamba kama hakuna wa kusema kweli, hataweka sahihi kwa mradi wa mtu yeyote.

Nilikasirika. Nilimkasirikia mwalimu na sheria zake, nikaikasirikia mvua, na zaidi ya yote nikamkasirikia mama. Mkono wangu ulikuwa mfukoni, juu ya kile kitambaa. Karibu darasa zima lilijua, maana mama zao wengine walikuwa kwenye kundi lilelile, lakini hakuna aliyetaka kunitaja. Ukimya wao ndio ulionisukuma. Singeweza kuwaangusha wote ili nijifiche mimi.

"Ni mama yangu, mwalimu," nilisema. "Ilikuwa zamu yake kwenye egesangio. Akatupatia sisi."

Mwalimu aliniuliza kama nilimtuma, nikasema hapana. Akaniagiza nije naye kesho.

Nilipomwambia mama kwamba anaitwa shuleni, hakuniuliza ni kwa nini. Alitabasamu tu. Kesho yake alivaa gauni la Sabato, akabeba mkungu wa ndizi kichwani, na njia nzima alikuwa akinieleza jinsi walivyoteseka na mizizi ya lile gugu la kutambaa. Alikuwa anaenda kushukuriwa. Mara mbili nilifungua mdomo nimwambie, nikashindwa.

Mwalimu Thadeus alimpokea kwa heshima, akampa mkono, akamsifu kwa bidii. Kisha akamweleza polepole: kazi ile hupewa alama, na alama ni za mkono wa mtoto. Akamweleza na habari ya udongo. Nilimwona mama akigeuka kutazama vitunguu, halafu mkungu aliokuwa ameuweka chini, halafu mimi. Sijawahi kumwona mama akikosa mahali pa kuweka macho.

"Kwa hivyo mimi ndiye nimemwangusha," alisema.

"Sijasema hivyo, mama," mwalimu alimjibu.

"Mwalimu, mimi nilifika kidato cha tatu," alisema. "Kila asubuhi nilikuwa nachuma chai kwanza, ndipo niende shule. Nikifika, wenzangu wako kwa somo la tatu. Halafu nikaacha. Hakuna mtu aliniita kandideti hata siku moja. Nikasema huyu wangu hatashika jembe mpaka amalize."

Mimi hilo sikuwa nimeambiwa. Miaka yote nilidhani mama aliacha shule kwa sababu haipendi, kama watu wengine. Hasira yangu yote ya jana iliyeyuka, nikabaki nimesimama pale nikilia mbele ya mwalimu wa Kilimo, jambo ambalo simtakii mtu yeyote.

Mwalimu akasema hatua ya kupalilia bado hajaitolea alama. Tutaondoa udongo kwenye vitunguu kwa mikono yetu, halafu tutangoja magugu yarudi. Yakirudi, tutapalilia naye akiwepo. Yasiporudi, hakuna alama.

"Yatarudi, mwalimu," mama alisema, akipangusa uso. "Magugu ya huku hayajawahi kukosa."

Basi ndivyo kidato cha nne kizima kilivyoanza kuomba magugu. Tulifukua vitunguu kimoja kimoja, kisha kila asubuhi kabla ya kipindi tunaenda kuangalia kama kuna kilichoota. Jani likichomoza kwenye kishamba cha mtu, wengine wanamwonea wivu. Lewis alikamatwa akileta magugu ya shangazi yake kwenye mfuko wa karatasi ili ayapandikize, akaadhibiwa kufyeka nyasi za uwanja. Mama alipita kwenye kijia chake kama kawaida, lakini sasa hakusimama. Aliangalia mbele na kuharakisha, na hilo liliniuma kuliko kama angesimama akasema.

Magugu yalirudi. Yalirudi kwa wingi, kama ndugu waliosikia kuna arusi. Tulipalilia kwa furaha, tukiwa na buti za mwalimu nyuma yetu. Alipofika kwangu alichuchumaa, akagusa kichwa cha kitunguu kimoja, akaandika alama zangu na kutia sahihi. Aliyefuata akaitwa.

Ilipaswa niwe na amani. Lakini kila jioni nikitoka shule napita kwenye wimbi wetu, na kila jioni mama alikuwa humo peke yake, ameinama, magugu yakimfika magotini. Zamu yake ilikuwa imekwisha tumika, na mzunguko ungali mbali. Nikiweka mkoba chini nimsaidie, ananielekeza nyumbani kwa kidole bila hata kuinuka. Nilijaribu ukali, nikajaribu upole. Nilirudi kwenye kitabu kila mara.

Nikaliambia darasa. Nilitegemea watanihurumia tu. Lewis, ambaye bado alikuwa na malengelenge ya kufyeka uwanja, ndiye aliyeuliza kwanza kwetu ni wapi.

Jumapili wakaja wote, na majembe ya makwao, wengine wamevaa sweta za shule. Mama alitoka mlangoni akatazama kundi la makandideti likiingia uani. Alituuliza kama vitabu vimeisha. Akaamuru kila mtu arudi kwao akasome, na kwa sauti ile hata Lewis alirudi hatua moja nyuma.

"Jasho hulipwa kwa jasho, mama," nilisema. "Ulitulimia wote. Na sisi tumekuja wote."

Hiyo ni sheria yao wenyewe, na hakuna mwanamke wa egesangio anayeweza kuikana. Nilileta kigoda nikakiweka kwenye kivuli cha migomba, pembeni mwa shamba. Nikatoa kile kitambaa chenye maua ya manjano, nilichokuwa nimekifua na kukificha tangu siku ile, nikamfunga kichwani.

"Leo kandideti ni wewe," nikamwambia. "Kaa. Usishike kitu."

Mama akakaa. Aliweka mikono magotini, akaiondoa, akairudisha, kama mtu aliyeazimwa mikono ya mwenzake. Tulianza safu ya kwanza, na nilipogeuka kumtazama alikuwa bado amekaa, mgongo umenyooka, akitutazama sote mmoja mmoja.

Alikaa kwa muda wa mtu kumaliza kikombe cha chai. Kisha akaona kwamba Lewis anang'oa wimbi na kuacha magugu, akainuka.