Puma Si Mtoto wa Simba

Bi Mwanakheri anamaliza sala ya adhuhuri, anajinyoosha palepale mkekani, na usingizi unamchukua kabla hajavua ushungi. Moyoni ana jambo moja tu: kesho mjukuu wake anatimiza siku arobaini, na wifi yake, Bi Zuhura, amesema wazi kwamba mtoto yule hana sura ya kwetu. Ukoo unamngoja yeye, bibi yake, aseme kama mtoto ni wao. Ndotoni njia inatanda, inapinda, inarudi ilikotoka, inaingia mji ambao kila ukuta ni kioo, na mtu asiye na uso anamwambia, karibu Amerika, mama, hawa paka wa porini, kila mmoja mpeleke kwa ndugu zake, ukikosea hapa na kesho utakosea. Hilo tu? anacheka Bi Mwanakheri. Mnyama mkubwa wa rangi ya mchanga anapita, mkia mrefu, anatembea kama mwenye mji. Subhanallah! Huyu simba jike, mpelekeni kwa simba. Vioo vyote vinafifia. Huyo ni puma, mama, umesoma sura, hujamsoma mwenyewe, mwambie aseme. Haya baba, sema. Puma hangurumi, anakoroma taratibu kama paka wa jikoni aliyeshiba, na kutoka majanini anatokea paka mdogo mwembamba, utadhani nguchiro, puma anamsugua shavu. Huyo jagwarundi ndiye nduguye wa karibu, anasema asiye na uso, na wa mbali kidogo yuko kwenu, duma. Duma? Huyu wetu wa madoa? Huyohuyo. Halafu mwingine anavuka mto, kichwa kipana, doa ndani ya doa, mzuri hata machozi yanamtoka Bi Mwanakheri. Jina la chui linamjia mdomoni, analimeza, anangoja. Mnyama huyo, jagwa, anafungua kinywa, ananguruma, mji mzima unatetemeka. Huyu, anasema Bi Mwanakheri polepole, ni wa kwao simba, yeye na chui. Sasa unasikia, mama. Naye anastaajabu jinsi Mola alivyouficha undugu kooni, akaacha manyoya yatudanganye.

Wifi, unakoroma hivyo, majirani watahama! Ni Bi Zuhura, amesimama mlangoni. Chumbani mtoto analia, kilio kizito, kinakatika, kinaanza upya. Msikilize, anasema Bi Mwanakheri. Bi Zuhura anasikiliza, mkono unamwenda mdomoni. Mbona kama kaka yangu, mumeo, akiita? Sijui kama nani, anajibu Bi Mwanakheri, ila ni wetu, na kesho namtoa nje mimi. Bi Zuhura anakaa chini. Dirishani kitu cha rangi ya mchanga kinapita bila haraka, na Bi Mwanakheri anaugusa ukuta kwa kidole, aone kama ni chokaa au ni kioo.