Kizibo cha Upande wa Pili

Simu ililia saa kumi na mbili asubuhi, Thyra Kvamme akiwa na soksi mguu mmoja tu.

"Njoo uchukue viumbe vyako, mama," alisema Ardis, karani wa posta. "Wananguruma kama trekta, watu wanaogopa kuingia kuchukua barua. Halafu kuna maboksi mawili ya jirani yako, Delmar Stoltz. Ulijua na yeye kaagiza nyuki?"

Thyra hakujua. Alivaa soksi ya pili taratibu.

Mei iliyopita, mitufaha ya Delmar ikiwa imefunguka maua yote, yeye aliipulizia dawa ya wadudu saa sita mchana. Thyra alikuwa amemwomba kwenye uzio, tena kwa adabu, angoje jioni nyuki warudi nyumbani. Hakungoja. Mizinga saba aliyoachiwa na marehemu mumewe, Arvid, ikafa. Thyra alizoa nyuki waliokufa kwa koleo la majivu, ndoo mbili zikajaa.

"Ni wadudu, Thyra," Delmar alisema siku hiyo. "Usinililie kama nimeua ng'ombe."

Vuli ilipofika, matufaha ya Delmar yalitoka machache, yamepinda upande mmoja kwa kukosa nyuki wa kutosha kuchavusha maua. Mnunuzi akayakataa. Ndiyo maana sasa alikuwa ameagiza nyuki wake mwenyewe.

Thyra aliteremsha maboksi yake manne kwenye chumba cha chini ya nyumba, penye giza na ubaridi. Yalikuwa ya mbao, wavu wa waya pande mbili, na ndani nyuki wameshikana kama kichala cha zabibu. Aliangalia waliokufa chini: wachache tu, safari ilikuwa njema. Akachovya brashi safi kwenye maji ya sukari vuguvugu, akaipitisha kwenye wavu polepole, mara tatu, mpaka ngurumo ikawa mnong'ono.

Alipotoka nje alimkuta Delmar uzioni, maboksi yake nyuma ya gari, juani.

"Jirani, hawa wako wanapiga kelele hivi?"

"Wana joto na kiu. Watie kivulini, wapake maji ya sukari. Jua likipungua nguvu, saa kumi hivi, ndiyo uwamimine mzingani."

"Loo! Nilidhani utanifukuza."

"Nikufukuze kwa nini? Ni wadudu tu."

Delmar alicheka. Hakukumbuka maneno hayo yalikuwa ya nani.

Saa kumi Thyra aliwaweka wake mizingani kwanza. Kila boksi aliligonga chini mara moja, nyuki wakaanguka kwa kishindo laini, akachomoa kijumba cha malkia. Kijumba hicho ni cha mbao, urefu wa kidole, kina vizibo viwili. Nyuma ya kizibo kimoja kuna peremende laini, ambayo nyuki huila siku tatu au nne huku wakizoea harufu ya malkia mgeni; akiwafikia kabla hawajamzoea, humuua. Nyuma ya kile kingine hakuna kitu. Thyra alitoa kizibo cha peremende, akaning'iniza kijumba kati ya fremu za kujengea masega, akamimina nyuki juu yake kama anamimina maharage.

Delmar alikuwa amepanga mizinga yake hatua kumi tu kutoka hapo, upande wake wa uzio. Aliinua kijumba cha kwanza, ncha ya kisu ikiwa kwenye kizibo cha upande usio na peremende.

"Ni hiki, siyo?"

Thyra alikiona vizuri kabisa. Alifikiria zile ndoo mbili.

"Vuta," alisema.

Malkia akatoka mbio kuingia kwenye kundi. Nyuki wakamzunguka, wakabanana juu yake hata wakawa donge.

"Tazama!" Delmar aliita. "Wanamkumbatia!"

"Naam. Wanamkumbatia."

Akavuta na cha pili vilevile.

Kesho yake mizinga ya Delmar ilitoa sauti ya kuomboleza. Siku ya tatu nyuki walianza kuvuka uzio, makumi kwa mamia, wakaingia kwa Thyra walikosikia harufu ya malkia. Ya tano, Delmar alikuja ameshika fremu tupu.

"Wamehamia kwako, Thyra. Ardis ameniambia habari ya peremende. Ulijua!"

"Nilijua. Na wewe ulijua maua yamefunguka."

Delmar aliegemeza fremu kwenye uzio. "Basi haidhuru. Wako hapohapo uzioni, maua yangu watayafikia tu."

Wiki tatu Thyra aliwalisha nyuki wa mizinga yake minne iliyojaa kupita kiasi, mpaka asubuhi alipoona mtufaha wa kwanza wa Delmar umekuwa mweupe kwa maua. Jioni ile, nyuki walipokwisha kurudi, alipigilia wavu kwenye milango yote ya mizinga, akaita wanaume wawili wa kanisani wamsaidie kuipakia kwenye gari lake. Kulikuwa na shamba la klova, majani ya malisho yenye maua mengi, la binamu yake, ng'ambo ya mlima, mbali kuliko nyuki yeyote anavyoweza kuruka.

Delmar alikimbia mpaka barabarani na kandambili miguuni.

"Thyra! Wamo na wa kwangu humo! Thyra, mama, wiki mbili tu!"

"Ni wadudu tu. Tafuta wengine," Thyra alisema, akatia gia. Aliendesha polepole sana, masega yasije yakavunjika.