Ijumaa Niliyomharakisha Bochaberi

“Bocha, tuma hiyo kazi. Sabato inaingia.”

Nilikuwa nimesimama mlangoni na kitambaa cha kufutia meza mkononi. Binti yangu hakugeuka. Macho yake yalikuwa kwa ukuta, pale rangi imebanduka, na vidole vimelala kando ya kompyuta. Alikuwa ameketi hivyo tangu nianze kuosha sufuria, na sasa sufuria zote zilikuwa zimekauka.

Mtihani ulifunguliwa kwa mtandao saa kumi, na ungefungwa saa moja. Wenye mtihani walikuwa wanatafuta vijana thelathini wa kulipiwa mwaka mzima wasomee programu. Miezi mitano Bochaberi alifanya mazoezi hapa Homa Bay, nyuma ya duka letu la ndizi, anaandika Python, lugha ya kuiamuru kompyuta, halafu anahesabu kwa karatasi kompyuta itapiga hatua ngapi. Mimi niliachia shule darasa la saba. Lakini siku moja alinieleza hata nikaelewa.

“Mama, ukimtafuta Rispa sokoni, unauliza kila meza?”

“Niulize ya nini? Rispa anauza omena, yuko upande wa samaki. Naenda tu.”

“Basi kuna programu inauliza kila meza. Watu wakiwa kumi, hutaona shida. Wakiwa laki moja, na kila mmoja anaulizwa habari za kila mmoja, hayo ni maswali bilioni kumi.”

Siku hiyo nilicheka.

Ijumaa swali lilikuwa la kutafuta namba zilizojirudia katika orodha. Alikuwa ameshaandika njia moja, na majaribio madogo yote yalikuwa yamewaka kijani. Kijani nilikiona kwa macho yangu.

“Si imekubali?”

“Ni ile ya kuuliza kila meza, Mama. Nipe dakika kumi. Kuna mahali kamusi ya Python inaingia, namba iende moja kwa moja kwa nafasi yake, kama wewe kwa Rispa. Bado sijaona wapi.”

Jirani yetu Leonida akachungulia dirishani. “Mama Bocha, nyathini, huyu mtoto wako, analala na macho wazi?” Akacheka zake, akaenda kuanua nguo.

Kicheko kile kilinichoma. Mimi nimelelewa na kazi inayoonekana: jembe linapanda, linashuka. Kwetu, mtu akikaa kimya mikono mitupu, ama ni mgonjwa ama ni mvivu.

“Tuma,” nikasema. “Ama unataka Mungu akungoje?”

Alinitazama. Hakubishana, nilimlea asibishane, na mpaka leo hilo ndilo linaloniuma. Akabonyeza, akafunga kompyuta, akaenda kuoga.

Niseme ukweli hapa, maana kanisani sikuusema. Sabato huingia jua likizama, na ilikuwa imebakisha nusu saa. Jua lilikuwa bado kwa mabati ya Leonida, linawaka. Nilimtanguliza Mungu ili nijifiche nyuma yake. Kilichonitisha ni ule ukimya ambao sikujua unafanya nini.

Majibu yalikuja Jumatano. Majaribio madogo, yote sawa. Orodha kubwa ya laki moja: muda umekwisha kabla ya jibu. Akawa wa thelathini na nne.

“Niliona kamusi inaingia wapi nikiwa bafuni,” aliniambia, taratibu, kama mtu anayenipa pole mimi. “Mistari minne tu.”

Mama mwenzangu, mtoto wako akinyamaza mbele ya kazi yake, usimguse. Usimletee jirani. Usimletee hata Mungu.

Mwaka huu amejaribu tena. Alihamia Migori kwa mdogo wangu Priscah, na sikumuuliza kwa nini. Mtihani uliangukia Ijumaa tena. Jioni ile nilipiga simu, Priscah akaishika akinong’ona.

“Dada, huyu mtoto ana nini? Saa nzima anaangalia ukuta tu, na jua linaenda. Nimwite?”

Nilitoka nje kutazama. Upande wa magharibi kulikuwa na wekundu mwembamba, karibu kwisha.

“Mwache,” nikasema. “Toka humo ndani. Mlango uufunge polepole.”