Betri ya Taratibu

Kubadilisha betri pale kituoni kulikwisha kabla chai haijapoa. Teksi ilipanda jukwaani, mtambo ukachomoa betri tupu tumboni mwake na kupachika iliyojaa, na dereva hakuwa na haja ya kushuka. Zamani, magari yalipochajiwa kwa waya, madereva walilala viti vya nyuma mpaka yajae. Sasa gari halikusubiri, na dereva naye hakusubiri. Meneja aliyaita maendeleo.

Fundi wa kituo alikuwa mwanamke. Madereva walimwita Shemeji, kwa kuwa mumewe alikuwa mwenzao, yule waliyempa jina la Taratibu. Mume huyo alifariki mchana kweupe: usingizi ulimpitia kwenye usukani, zamu ya pili mfululizo, gari likavaa ukuta. Meneja aliwakusanya wafanyakazi akawatangazia kwamba marehemu alikuwa mzembe. Betri ya gari lake haikupata hata mkwaruzo, ikarudishwa kazini.

Shemeji aliipachika kwenye teksi nyingine. Adhuhuri teksi hiyo ilitoka barabarani yenyewe, ikaegesha kivulini, ikashusha vioo, ikaanza kukoroma. Dereva akalaza kiti, naye akalala. Alipoamka, gari likawaka.

"Ni yeye, Shemeji," alisema aliporudi. "Akishusha pumzi anapiga mluzi."

"Ndiye," Shemeji akajibu. "Miaka yote hiyo mluzi huo ulininyima usingizi."

Asubuhi zilizofuata madereva walimgombania Taratibu. Hakuwatosha wote, lakini betri zilizochajiwa ubavuni mwake zilimwiga, na haukupita muda mrefu kabla rafu nzima haijaanza kukoroma.

Meneja alikuja amefura. "Hiyo betri itolewe, ikasagwe."

Shemeji alisimama mbele ya rafu, spana mkononi. "Haitoki."

"Ni mali ya kampuni!"

"Betri ni yenu. Anayelala humo ni wangu. Na hakuwa mzembe, bosi, alichoka. Liseme hilo mbele ya wale wale uliowatangazia, ndipo tuzungumze habari ya kusaga."

Madereva walishuka wote wakasimama nyuma yake. Meneja aliwatazama, akaondoka bila kulisema. Kesho yake akatoa amri: muda ambao magari yanalala uongezwe mwisho wa zamu. Watu wakawa wanarudi nyumbani watoto wameshalala.

Hapo Shemeji alingoja gari la meneja lipande jukwaani, akalipachika betri ya mumewe huku mwenyewe anaona.

"Leo utakwenda naye," alimwambia.

Gari lilimfikisha njia panda, likaegesha. Meneja alilala tai shingoni, mdomo wazi, mpaka jua likaanza kushuka. Aliporudi alikiri kwamba gari lilikuwa na utulivu, lakini akasema kuhusu marehemu neno lake ni lile lile: alikuwa mzembe.

"Sawa," Shemeji alisema, akiichomoa betri ya moto na kuirudisha kwenye chaji. "Basi na kesho atakupeleka."